Gurudumu lililoua lilikuwa la mfalme: historia ya neno "deodand"

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili, nasoma sheria. Katika kitabu cha zamani cha Kiingereza nimekuta taarifa ya uchunguzi wa kifo cha mtu aliyekanyagwa na mkokoteni wa farasi. Mwisho wake imeandikwa kwamba gurudumu moja la mkokoteni ni "deodand", thamani yake shilingi 2. Kamusi yangu haina neno hilo. Mwenzangu anasema ni fidia ya wafiwa. Je, ni kweli? Na je, ndiyo asili ya polisi wetu kushikilia gari baada ya ajali?

Jibu: Marahaba. Nianze na mwenzako: wafiwa hawakupata hata peni. Deodand lilikuwa jina la kitu chochote kilichomuua mtu kwa ajali, kiwe mnyama au chombo, ambacho kwa kuua huko kilimtoka mwenyewe na kuwa mali ya mfalme wa Uingereza. Farasi aliyempiga mtu teke, mashua iliyopinduka mtoni, mkokoteni ulioserereka mlimani. Mwenye kitu hakuulizwa kama alikuwa mzembe. Huenda siku hiyo alikuwa amelala nyumbani kwake na farasi kaazimwa na jirani. Mtu akifa, farasi kaondoka.

Neno lenyewe ni la Kilatini, deo dandum, yaani kitu kinachopaswa kupewa Mungu. Makarani wa mahakama za Uingereza waliandika kumbukumbu zao kwa Kilatini, na mawakili wakabishana kwa Kifaransa kilicholetwa na Wanormani walioiteka nchi mwaka 1066. Katika vinywa vya hao mawakili mkia wa Kilatini ulikatika ikawa deodande, kisha Waingereza wakakata hata kilichobaki. Kwa sura hiyo ya Kiingereza linaonekana tangu karne ya 16. Desturi ni ya zamani zaidi. Sheria ya mwaka 1276, enzi za Mfalme Edward I, inayoeleza kazi za ofisa wa kuchunguza vifo, tayari inataja farasi, mashua na mikokoteni iliyoua watu, na kuagiza vithaminiwe na kukabidhiwa kijiji.

Hapo "kukabidhiwa kijiji" kusikupotoshe. Kijiji kilibebeshwa dhamana tu. Ofisa huyo, ambaye cheo chake kilianzishwa mwaka 1194, alifika penye maiti, akawakusanya wanaume wa kijiji hicho na vya jirani, wakala kiapo. Wakautazama mwili na majeraha, wakasema kilichoua ni nini na kingeuzwa kwa bei gani. Karani akaandika. Kitu kikabaki pale pale kijijini, na majaji wa mfalme waliozunguka nchini walipofika, pengine baada ya miaka, walifungua kumbukumbu na kuidai ile thamani kwa wanakijiji. Farasi mwenyewe angeweza kuwa ameshakufa kwa uzee. Hesabu ya shilingi ilikuwa bado hai kwenye karatasi.

Nakuomba uone kilichotokea kwa maana ya neno katika mpango huo. Kinachodaiwa ni kitu, lakini kinachokwenda kwa mfalme ni pesa, na mwenye mali, akilipa, anabaki na farasi wake. Taratibu deodand ikaacha kuwa farasi ikawa kiasi cha fedha. Kufikia karne ya 19 magazeti ya London yanaandika kwamba jopo la waamuzi "limeweka deodand ya pauni" kadhaa juu ya injini fulani, jambo ambalo karani wa 1276 asingelielewa vizuri. Mwenzako bila shaka amekutana na neno katika maana hiyo ya pili, akaona kifo, akaona pesa, akahitimisha kuwa ni fidia. Huku pwani tunayo dia, mali inayotolewa kwa warithi wa aliyeuawa. Waingereza wa kale, kabla ya Wanormani, nao walikuwa na wergild, thamani ya mtu iliyolipwa kwa ukoo wake. Hizo ndizo ndugu wa fidia. Deodand ni ukoo mwingine kabisa.

Kwa nini basi Mungu yumo katika jina? Jibu linalorudiwa vitabuni ni la William Blackstone, aliyeandika maelezo mashuhuri ya sheria za Uingereza kati ya 1765 na 1769. Yeye alisema kwamba zamani, Uingereza ilipokuwa ya Kikatoliki, mali iliyoua ilitolewa iwe kafara kwa ajili ya roho ya marehemu aliyefariki ghafla bila kuungama, na thamani yake ililipia misa. Ushahidi wake ni kanuni moja ya ajabu: mtoto mdogo asiyeweza bado kupambanua mema na mabaya akianguka kutoka kwenye mkokoteni uliosimama akafa, hapakuwa na deodand, mtu mzima akianguka vivyo hivyo, ilikuwapo. Mtoto hana dhambi, hahitaji kuombewa, basi hakuna haja ya kafara. Watu wengine wanaifikisha desturi hii hadi kitabu cha Kutoka, sura ya 21, ambako ng'ombe aliyemuua mtu kwa pembe anapigwa mawe na nyama yake hailiwi. Athens ya kale nayo ilikuwa na baraza lililohukumu mawe na vyuma vilivyomwangukia mtu akafa, kisha vikatupwa nje ya mipaka.

Mimi hadithi ya kafara hainiingii sana akilini. Blackstone aliandika karne nyingi baada ya desturi kuanza, katika nchi iliyokwisha kuachana na Roma, na ilikuwa rahisi kwake kuwabebesha mapadre wa zamani kila jambo lisiloeleweka. Tena angalia mahali alipoliweka: katika sura ya mapato ya mfalme, pamoja na mali zilizookotwa pwani baada ya meli kuvunjika na hazina zilizofukuliwa ardhini. Ni kweli mfalme alikuwa na kasisi wa sadaka aliyepaswa kuzigawa fedha za deodand kwa maskini. Lakini ni kweli pia kwamba wafalme waliigawa haki hiyo kwa makabaila na miji kama walivyogawa ushuru wa masoko, na kabaila aliyekuwa nayo aliihesabu kama kipato kingine chochote. Jina lilikuwa la ibada, ila mkono uliopokea ulikuwa wa hazina. Ng'ombe wa kitabu cha Kutoka hakuliwa na mtu. Farasi wa Kiingereza aliendelea kulima, na thamani yake ikaingia mfukoni mwa mtu mwingine.

Kinachonivutia zaidi ni hesabu za wanasheria kuhusu kitu gani hasa kiliua. Hapa ndipo penye gurudumu lako, kwa hiyo tukae kidogo. Kanuni ilikuwa kwamba kila kinachotembea kuelekea kifo ni cha Mungu, na kila kitu kilitegemea kutembea. Mtu akipanda juu ya gurudumu la mkokoteni uliosimama, akateleza, akavunjika shingo, gurudumu peke yake ndilo lenye hatia, maana mkokoteni wenyewe haukufanya lolote. Mkokoteni ukiwa mwendoni ukamkanyaga mtu, gurudumu haliwezi kuachiwa lawama lote: mkokoteni unalikandamiza, na shehena inaukandamiza mkokoteni. Hivyo vyote vimesaidia kulitia jeraha uzito, na vyote vinakwenda. Magunia ya ngano ya mtu asiyehusika kabisa yangeweza kupotea kwa sababu tu yalikuwa juu ya mkokoteni saa hiyo.

Maji nayo yalikuwa na sheria yake. Mtu akianguka kutoka kwenye chombo katika mto, maji baridi, chombo kilidaiwa. Akianguka baharini, hakuna deodand, kwa kuwa bahari kuu haikuwa chini ya mahakama za kawaida, na hatari zake zilijulikana na kila mwanamaji.

Hata silaha ya muuaji iliingia humo. Kwa sababu hiyo mashitaka ya mauaji yalipaswa kutaja kilichotumika pamoja na bei yake, ili mfalme ajue cha kudai. Mwandishi wa michezo ya kuigiza Christopher Marlowe alipochomwa kisu mjini Deptford mwaka 1593, taarifa ya uchunguzi ilieleza jeraha juu ya jicho la kulia, na haikusahau kueleza kwamba jambia lilikuwa la peni 12. Ukiwa mgeni wa hati hizi, bei hiyo katikati ya maelezo ya kifo inakushtua. Kwa karani ilikuwa sehemu ya kazi tu.

Sasa rudi kwenye taarifa yako. Mtu kakanyagwa na mkokoteni unaotembea. Kwa kanuni niliyoieleza, mkokoteni mzima ungepaswa kudaiwa, farasi na shehena pia. Lakini jopo limetaja gurudumu moja, shilingi 2. Hawakukosea sheria, walikuwa wakimhurumia mwenye mkokoteni. Watu waliokula kiapo walikuwa majirani zake. Walijua mkokoteni ndio ulioilisha familia yake, walijua aliyekufa pengine alikuwa amelewa, na hawakuona sababu ya kumfilisi mtu mmoja ili kabaila aongeze kipato. Blackstone mwenyewe aliutaja mtindo huu, kwamba siku hizo majopo yalizoea kutaja kitu kidogo au kipande tu cha kitu kizima. Kwa hiyo mtu akisoma bei za deodand za karne ya 18 kama bei za soko atapotoka. Zisome kama maoni ya kijiji. Shilingi 1 maana yake ni "pole, haikuwa kosa lako".

Kwa mwendo huo neno lilikuwa likijifia lenyewe, shilingi kwa shilingi. Kilichokuja kulifufua ni mvuke.

Injini ya treni haikuwa mkokoteni wa jirani. Mwenyewe alikuwa kampuni ya mbali yenye wanahisa, na ilipoua, wanakijiji wale wale waliozoea kuandika shilingi 2 wakaona hawana wa kumhurumia. Sheria ya zamani ilikuwa bado imelala vitabuni, na kiasi kilikuwa mikononi mwao. Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1841, treni ya mizigo ya kampuni ya reli ya Great Western ikiwa na mabehewa ya abiria wa daraja la tatu ilifika kwenye bonde la reli lililochimbwa Sonning, karibu na Reading. Mvua kubwa ilikuwa imeporomosha udongo juu ya reli. Injini, iliyoitwa Hecla, ikauvamia. Abiria wa daraja la tatu walipandishwa kwenye mabehewa ya wazi yenye kuta fupi, nayo yalikuwa yamewekwa kati ya injini na mabehewa ya mizigo, hivyo shehena ikawajia kwa nyuma. Watu 8 walifia hapo hapo, na mmoja baadaye hospitalini. Wengi wao walikuwa mafundi wa mawe waliokuwa wakijenga jumba jipya la Bunge jijini London, wakirudi makwao kwa Krismasi. Jopo likaweka deodand ya pauni 1,000 juu ya Hecla na mabehewa yake.

Pauni 1,000! Kampuni ilipinga, na mwisho wa yote haikulazimika kulipa. Deodand nyingi kubwa za miaka hiyo ziliishia hivyo, zikitenguliwa mahakama za juu kwa kasoro za namna taarifa ilivyoandikwa. Ila makampuni yalikuwa yamekwisha kuingiwa na hofu, na Bunge likaanza kusikiliza. Mwaka 1844 ilipita sheria iliyolazimisha mabehewa ya daraja la tatu yawe na kinga ya mvua na baridi.

Ili uelewe hasira ya majopo hayo lazima ujue shauri la Baker dhidi ya Bolton la mwaka 1808, ambalo nadhani utakutana nalo mwaka wa tatu. Bwana mmoja na mkewe walikuwa juu ya gari la abiria la farasi lililopinduka. Yeye aliumia, mkewe akafa mwezi mmoja baadaye. Jaji Mkuu Ellenborough aliamua kwamba katika mahakama ya madai kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kuwa ni madhara. Mume akapata pauni 100 kwa maumivu yake na kwa kukosa mkewe kuanzia ajali hadi siku aliyofariki. Kuanzia siku hiyo na kuendelea, hakuna kitu. Yaani kumvunja mtu mguu kulikuwa na gharama kubwa kuliko kumuua. Sasa fikiria waamuzi wa Sonning wamesimama mbele ya maiti za mafundi, wanajua wajane wale hawana mlango wa kugonga. Chombo pekee cha sheria walichokuwa nacho kilikuwa kilekile cha karne ya 13, kikokotoo cha bei ya kitu kilichoua. Wakakitumia, ingawa fedha zenyewe, hata zingelipwa, zisingemfikia mjane yeyote.

Aliyefungua mlango alikuwa Lord Campbell, mwanasheria na mjumbe wa Bunge, mwaka 1846, kwa sheria mbili zilizopita pamoja mwezi wa Agosti. Moja ilifuta deodand kuanzia tarehe 1 Septemba 1846. Nyingine ilimpa mke, mume, mzazi na mtoto wa marehemu haki ya kudai aliyesababisha kifo kwa uzembe, mradi shauri lifunguliwe ndani ya miezi 12. Zisome kwa pamoja, maana ni mapatano. Makampuni ya reli yaliondolewa mzigo wa kudaiwa kitu bila kosa, na wafiwa wakapata haki ya kudai pale penye kosa. Swali la mahakama likageuka: badala ya kuuliza kilichoua ni kitu gani, ikaulizwa ni nani aliyezembea na marehemu alikuwa akiwalisha akina nani. Mimi naona wafiwa walipata zaidi, lakini kampuni ziliponunua amani yao hazikuinunua ghali.

Hapo ndipo neno linapogusa huku kwetu, kwa kutokuwepo kwake. Sheria za Uingereza zilipokelewa Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897 na Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Deodand ilikuwa imefutwa zamani, kwa hiyo haikuwahi kuwa sheria yetu hata siku moja. Iliyotufikia ni ile pacha yake. Kenya inayo katika Sura ya 32 ya sheria zake, Tanzania katika Sura ya 310, na orodha ya wanaostahili katika ile ya Kenya bado ni mke, mume, mzazi na mtoto, kama alivyoiandika Campbell. Wakili anayemdai mwenye basi kwa niaba ya mjane mjini Nakuru au Morogoro anatumia haki iliyozaliwa siku deodand ilipozikwa.

Kuhusu polisi kushikilia gari, basi, hapana. Gari lililopata ajali hushikiliwa kama kielelezo, likaguliwe breki na usukani, kisha lirudishwe. Umiliki haubadiliki. Likikaa kituoni miezi mitatu likaota majani, hilo ni tatizo jingine na lina dawa yake mahakamani, lakini halina uhusiano na Edward I.

Kama unatafuta jamaa wa kweli wa deodand walio hai, watazame penye utaifishaji. Gari lililobeba nyara za serikali au boti la uvuvi haramu linaweza kutaifishwa, na hapo unaona wazo la kwamba chombo chenyewe kimejitia doa. Tofauti ni kwamba kwetu lazima pawe na kosa la jinai, na mahakama huangalia mwenye chombo alihusika vipi. Marekani walikwenda mbali zaidi, na huko neno deodand bado hutajwa na majaji. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua shauri la kampuni iliyokuwa imekodisha jahazi la kifahari kwa wakazi wawili wa Puerto Rico. Ilipatikana bangi ndani yake, serikali ikalitwaa, na kampuni, ambayo haikujua lolote, ikashindwa. Hukumu ilianza historia yake na deodand. Mwanasheria Oliver Wendell Holmes alikuwa amekwisha kulichambua neno hilo mwaka 1881, akilihusisha na desturi ya mahakama za bahari kuishitaki meli yenyewe kwa jina lake, jambo ambalo ukitembelea mahakama ya Mombasa meli inapokamatwa bandarini utaliona kwa macho yako.

Nje ya sheria neno limechukuliwa na waandishi wa hadithi za kubuni za Kiingereza, na huenda ukalikuta likiwa jina la viumbe wanaokula watu. Hilo lisikusumbue katika utafiti wako.

La mwisho ni la kazi tu. Ukitafuta katika hati zilizochapishwa, usiandike "deodand" peke yake. Katika kumbukumbu za Kilatini jaribu pia deodandum na deodanda, na uangalie mwishoni mwa kila taarifa, kwa sababu huko ndiko thamani huandikwa, pamoja na jina la kijiji kilichobeba dhamana. Katika insha yako ya Kiswahili liache neno kama lilivyo, lieleze mara ya kwanza kuwa ni mali iliyotaifishwa kwa kusababisha kifo, na usiliite fidia mahali popote.